Je, dawa za maumivu huzuia saratani ya mji wa mimba?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 56, uzito wangu umezidi na magoti yananisumbua, hivyo nameza ibuprofeni karibu kila siku. Dada yangu anasema dawa hizi huzuia saratani ya mji wa mimba. Rafiki yangu anasema ndizo zinazoileta. Nimwamini nani? Hedhi yangu ilikoma miaka minne iliyopita, ila mwezi uliopita niliona matone ya damu. Nadhani ni hizo dawa.

JIBU: Naanzia mwisho wa barua yako, maana hapo ndipo penye uzito.

Damu yoyote inayotoka baada ya hedhi kukoma lazima ichunguzwe, hata ikiwa tone moja. Kati ya wanawake 100 wanaopatwa na hali hiyo, takriban 9 hukutwa na saratani ya ukuta wa ndani wa mji wa mimba. Wengine wengi huwa na sababu nyepesi, kama ukuta kusinyaa au kinyama kisicho cha saratani, lakini hilo halijulikani kwa kukisia. Ibuprofeni na aspirini zinaweza kuongeza damu inayotoka, lakini bado tunatakiwa kujua chanzo chake. Nenda wiki hii. Utapimwa unene wa ukuta kwa ultrasaundi. Ukizidi milimita 4, au damu ikirudi, huchukuliwa sampuli. Usiridhike na kipimo cha mlango wa kizazi kikitoka safi. Saratani ya mlango wa kizazi ni nyingine kabisa, inayosababishwa na virusi vya HPV.

Sasa ubishi wenyewe. Dada yako ameshika kipande cha ukweli. Mafuta ya mwili yana kimeng'enya kiitwacho aromatasi, ambacho huendelea kutengeneza homoni ya kike iitwayo estrojeni hata ovari zikishastaafu. Estrojeni isipopata homoni nyingine, projesteroni, ya kuidhibiti, huchochea ukuta wa mji wa mimba ukue kupita kiasi. Prostaglandini, kemikali za mwili zinazochochea maumivu na ambazo dawa hizi huzizuia, ni miongoni mwa vinavyoiamsha aromatasi. Na kweli, tafiti kadhaa zilipojumlishwa, wanawake wenye uzito uliozidi waliomeza aspirini angalau mara moja kwa wiki walionekana kuwa na hatari pungufu kwa takriban asilimia 15. Kwa wenye uzito wa kawaida hakukuwa na tofauti. Kwa dawa nyingine za jamii hii, ibuprofeni ikiwemo, ushahidi ni dhaifu zaidi.

Rafiki yako naye simlaumu. Anayemeza dawa za maumivu kila siku mara nyingi ni mwenye uzito mkubwa na magoti mabovu, na uzito huo wenyewe huongeza hatari ya saratani hii. Kidonge kinabeba lawama isiyo yake.

Hata hivyo, singempa mtu yeyote ibuprofeni kama kinga. Ikitumiwa kila siku huweza kuleta vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, kuumiza figo na kupandisha presha. Kwa magoti, muulize daktari wako kuhusu jeli ya kupaka na mazoezi ya kuimarisha misuli ya mapaja. Kupunguza uzito kutayasaidia magoti na mji wa mimba pia. Wala usijiongezee aspirini juu ya ibuprofeni, kwani hatari ya kuvuja damu tumboni huzidi.

Ukienda kupimwa, beba orodha ya dawa zako zote na useme kama uliwahi kutumia tamoksifeni (dawa ya saratani ya matiti) au homoni, au kama ndugu wa damu amewahi kuugua saratani ya mji wa mimba au ya utumbo mpana.