Reli inapinda ghafla, programu nayo inagoma

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma ufundi mitambo, nyumbani ni Tabora, na mradi wangu ni modeli ya reli inavyopinda juani. Programu naipandishia joto digrii moja moja, reli inabaki imenyooka tu kama hakuna kitu, halafu likifika joto fulani majibu yanaruka hovyo au inagoma kabisa. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Tulia kwanza, inawezekana kabisa programu iko sawa, na hapo inapogoma ndo penye mradi wenyewe.

Chuma cha reli kinatanuka kama milimita 12 kwa kilomita kwa kila digrii, yaani joto likipanda digrii 30 kilomita moja inataka kurefuka sentimita 36. Reli yenye maungio ina mapengo ya kupumulia, lakini iliyochomelewa mfululizo haina pa kwenda, kwa hiyo ule urefu unageuka msukumo, na kwa reli ya kilo 60 kwa mita hizo digrii 30 ni karibu tani 55. Kwa reli moja tu hiyo! Kinachoizuia ni mataruma (yale magogo au zege yanayolala chini ya reli) na kokoto. Sasa kokoto zinabana vizuri mwanzoni, ila zikishasukumwa pembeni kidogo zinalegea, na reli ikishaanza kupinda msukumo unapata njia, ndo maana inachomoka kwa mpigo mmoja badala ya kujikunja taratibu.

Hesabu zako zinaganda kwa sababu kila ukiongeza joto unaidai kompyuta jibu lililo karibu na la mwanzo, na ukishapita kilele, yaani joto la juu kabisa ambalo reli inaweza kulivumilia ikiwa imenyooka, jibu hilo halipo tena, ugumu wa mfumo umefika sifuri. Geuza swali. Usiulize "kwa digrii hizi reli imepinda kiasi gani", uliza "ili ipinde milimita 5 pembeni inahitaji joto gani", halafu 6, halafu 7. Utaona joto linapanda mpaka kileleni, linashuka huku reli inazidi kupinda, kisha linapanda tena. Kama mkunjo wa grafu ni mgumu zaidi kuna njia ya mtafiti aitwaye Riks (makala yake ya 1979) inayopiga hatua kwa kufuata urefu wa mstari wenyewe wa grafu. Na usianze na reli iliyonyooka kama uzi, weka kasoro ya milimita chache, maana hakuna reli ya kweli isiyo nayo.

Grafu hiyo itakupa joto mbili, la juu ambapo reli inajipinda yenyewe na la chini ambapo kabla yake haiwezi kukaa imepinda. Katikati yake reli inaonekana imenyooka vizuri tu, ila treni ikifunga breki kwa nguvu au mafundi wakiwa wamechimbua kokoto juzi, inaweza kuruka. Ripoti yako naomba ijae hapo, joto la chini ndo la kuwapa watu wa matengenezo.

SWALI: Mimi niko Kigoma, jioni kukipoa reli iliyopinda si inarudi yenyewe?

JIBU: Usiitegemee ndugu yangu. Kwenye hesabu lazima ipoe mpaka chini ya lile joto la chini, si lile ililopindia, na huko site kokoto zimeshasogea na chuma pengine kimeshakunjika moja kwa moja. Ukiiona, treni isimamishwe, watu wa reli waambiwe hapo hapo.