Muulize Ajida: Wanaitika, Kisha Wanafanya Wanavyojua

Swali: Ajida, shikamoo. Cheo chako kiko juu ya sajenti, ndiyo maana nakuuliza wewe. Nina miaka 24. Nimevishwa tepe za sajenti miezi miwili iliyopita na kukabidhiwa watu wanane. Watatu wamenizidi umri. Mmoja aliingia jeshini kabla sijaanza shule. Nikitoa amri wanaitika "ndiyo, shefu", kisha wanafanya wanavyojua. Nikipaza sauti, mambo yanazidi kuharibika. Nifanyeje?
*Sajenti, Lubumbashi*

Jibu: Marahaba, mtoto wangu. Barua yako ina kurasa mbili, na sijaona jina la askari wako hata mmoja. Umeandika "wale wazee" mara tano. Anzia hapo. Nunua kijitabu cha mfukoni, uandike kwa kila mtu: jina, namba ya kiatu, kundi la damu, lugha ya kwao, simu ya mkewe. Luteni mwenye watu thelathini hawezi kuyashika yote hayo. Wewe wa wanane unaweza.

Lugha nimeitaja makusudi. Jeshi letu la Kongo linaamrishana kwa Kilingala, na kijana wa Kasenga, ambako wanasema Kibemba, ataitika upesi hata asipoelewa, ili asionekane mjinga. Nilipokuwa kaporali niliwaambia watu wangu tukutane usiku "kwenye mwembe". Wote wakaitika. Miembe ilikuwa miwili. Wawili walikaa chini ya ule mwingine hadi kunakucha, nami nawatafuta gizani, siwezi hata kuwaita kwa sauti. Kosa lilikuwa langu. Tangu usiku ule sikutoa amri bila mmoja kunirudishia kwa maneno yake, hata kwa Kibemba akipenda: nani anatangulia, tunapita wapi, saa ngapi, tukipotezana tunakutana wapi, mimi nikianguka nani anashika. Anza na mdogo kuliko wote. Muda ukiwepo, chora njia mchangani, weka mawe yawe nyumba, waipite kwa miguu.

Yule mzee mfuate pembeni kabla ya amri: "Baba, kazi ni hii. Wewe ungepitia wapi?" Msikilize hadi mwisho. Kisha uamue wewe, mbele ya wote, kwa sauti ya kawaida. Akikosea, mkemee pembeni vilevile.

Jambo moja sina upole nalo. Askari akirudi na kuku wa mama wa kijijini, usimle na usinyamaze. Kuku arudishwe siku hiyohiyo, na komanda wako aambiwe. Mkataba wa Roma, ule ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai na kuridhiwa na nchi yetu mwaka 2002, unamshika hata kamanda aliyejua uhalifu wa watu wake, au aliyepaswa kujua, akauacha upite.

Na baridi ya Juni unaijua. Lindo la saa nane hadi saa kumi usiku kila mtu analikimbia. Amka saa hiyo uwapitie, kaa nao kidogo, chai ikiwepo uibebe. Siku zamu itakapomwangukia yule mzee, atakuambia mambo ambayo mchana hayasemi.