Kabla uongeze spidi ya mota kwa tangi la kuosha baiodizeli

Hapa Nairobi wenye wanatengeneza baiodizeli na mafuta yaliyokaangiwa chipsi wakiona sabuni inayojitengeneza humo haitoki, kitu ya kwanza ni kutafuta mota kubwa ya kukoroga. Mimi huwaambia wangoje kidogo.

Kuosha ni kuhamisha sabuni, metanoli (ile alkoholi ya kutengenezea) na gliserini (ule uji mzito unaotengana na kukaa chini) iliyobaki itoke kwa mafuta, yaani baiodizeli yenyewe, iingie kwa maji, na njia ni moja tu, pale juu ya tone la maji linapogusana na mafuta. Matone yakipungua upana nusu, maji yaleyale yanapata eneo mara mbili, hapo mota iko na point. Lakini tone hilo dogo linazama polepole kama mara nne hivi, halafu sabuni inalifunika, maji ya ndani yanaacha kuzunguka na matone hayataki kuungana tena, unabaki na mayonezi kwa tangi na hakuna cha kufanya ila kungoja.

So mwanzo, ukishatoa gliserini ya chini, nyunyizia maji ya vuguvugu kutoka juu bila kukoroga, yashuke yenyewe kwa sababu ni mazito kuliko mafuta. Nyuzi 50 hivi ziko poa, mafuta yanakuwa mepesi. Mvuke wa metanoli ni sumu na unashika moto haraka, kwa hivyo jiko la makaa likae mbali, hiyo sibembelezi mtu. Sabuni ikishapungua ndio unawasha mota, na ukutani chomelea vipande vya bati vilivyosimama, bila hivyo kila kitu kinazunguka pamoja tu na hakuna kinachochanganyika.

Na maji usimwage yote mara moja! Tuseme sabuni inapenda maji mara nne kuliko mafuta: lita 100 za mafuta na lita 100 za maji kwa mkupuo zinakuachia asilimia 20 ya sabuni, lakini ukigawa maji hayo mara nne, lita 25 kila mara, inabaki kama 6. Maji ni yaleyale na bili ni ileile, na bado watu wanabishana na mimi juu ya hii.

Kuna wenye huweka asidi kidogo kuvunja sabuni. Inafanya kazi, ila sabuni ikivunjika inarudisha asidi za mafuta ndani ya dizeli yako, mimi siipendi.

Kupima, tikisa mafuta na maji nusu kwa nusu kwenye chupa. Yakitengana ndani ya nusu saa na maji yako safi, anza kukausha.