Mkuu, msighairi tiketi kabla shirika la ndege halijaifuta

Umetuletea rasimu ya sera ya safari za kikazi ya kampuni yenu tuitolee maoni. Hiki kipengele chake kifute leo, kabla bosi hajasaini. "Safari ikiingia shaka, afisa utawala aghairi tiketi mapema na salio litunzwe kwa wakala." Nimekisoma tumbo likanikata. Sisi tulikuwa nacho hichohicho, na aliyekiandika ni mimi.

Machi 2020 tulikuwa na tiketi za kwenda maonesho ya viwanda ya Hannover, Ujerumani, ya mwezi wa Aprili. Mwanzoni mwa Machi waandaaji wakayasogeza hadi Julai, baadaye wakayafuta kabisa. Wakala wetu wa tiketi, jamaa mwenye sauti ya mchungaji, akanipigia: "Ghairini sasa hivi kaka, mkichelewa mtakosa vyote." Nikamwandikia barua pepe ya mistari miwili, nikajiona nimeokoa jahazi. Haukupita muda, shirika lenyewe likafuta ile ndege. Waliokuwa wamekaa kimya wakadai nauli zao. Sisi tukajibiwa: nyie mlijitoa kwa hiari, na tiketi zenu ni za bei ya chini zisizorudishwa, chukueni vocha, yaani hati ya kununulia tiketi nyingine kwao.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 iko wazi: shirika likifuta ndege, abiria ana haki ya kurudishiwa nauli, na vocha anapewa tu akiikubali kwa saini. Inakulinda hata ukiondokea Dar, mradi shirika ni la Ulaya na unakwenda Ulaya. Haimlindi aliyejitoa mwenyewe. Yule wakala hilo alilijua au hakulijua, sijui kipi ni kibaya zaidi. Nilipomrudia akasema, "Msijali, salio lenu lipo salama." Salama kwa nani?

Maana vocha zilitoka kwa majina ya wasafiri, na hazihamishiki. Mwaka huohuo kazini wakapunguzwa watu. Fundi mmoja aliondoka na vocha yake kihalali kabisa, akaja kuitumia kwenda fungate. Kampuni ikawa imemchangia harusi bila hata kuletewa kadi. Zilizobaki zikaisha muda zikiwa kwenye imeili za watu ambao hawako tena ofisini. Mhasibu akaziweka kama masurufu yasiyorejeshwa, kwa jina langu. Nilivyoitwa kujieleza nilijaribu kucheka, nikacheka peke yangu.

Kwa hiyo andikeni hivi: hakuna mtu kughairi mpaka shirika lifute, au mpaka ibaki siku moja kabla ya ndege. Ikifika hapo ndege bado ipo, badilisheni tarehe na mlipe tofauti. Msisubiri iondoke bila nyie, hapo tiketi imekufa. Shirika likifuta, ombeni pesa kwa maandishi, na mkiletewa vocha msibonyeze "nakubali" kwa pupa. Tena awepo mtu mmoja mwenye daftari la tiketi zisizotumika: namba, jina, tarehe ya kuisha. Mtu akiacha kazi, apite kwanza kwa huyo kabla ya kupewa barua yake.

Na asikwambie mtu korona ilishapita. Mpox, ile homa ya nyani, ilitangazwa dharura ya kimataifa Agosti 2024, Marburg ikarudi Kagera Januari 2025. Someni bima yenu pia, nyingi zina mstari unaosema hazilipi kwa magonjwa ya mlipuko, tena kwa maandishi ya kupepesa macho.

Uliuliza posho, daraja la ndege na vikao vya Zoom. Vikao vya ndani pelekeni Zoom, hayo mengine watakuja wenye uzoefu nayo. Wewe kesho asubuhi mpigie wakala wenu, muulize tiketi gani za kampuni bado anazo mkononi, na akijibu kwa mdomo mwambie aandike.