Maswali yenu kuhusu karata za taroti

Katika safu iliyopita niligusia taroti, zile karata za picha ambazo watu huzitumia kutabiri, kwa aya moja tu; nilisema hazitabiri, nikidhani nimepita njia. Maswali yaliyofuata yamezidi hata yale ya mahari. Nimechagua machache, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo. Nimepewa pakiti ya taroti na rafiki, lakini karata 78 zinanitisha. Nianze kukariri zipi? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Usianze kwa kukariri. Kwanza zitenge mafungu mawili. Karata 22 ni zile kuu, kila moja na jina lake: Mjinga, Mtawa, Gurudumu la Bahati, Mnara, Nyota, na kuendelea hadi Dunia. Zinazobaki, 56, ni karata ndogo, na hizo unazijua zaidi ya unavyodhani. Zina aina nne: vikombe, panga, fimbo na sarafu. Kila aina ina moja hadi kumi, kisha watu wanne: kijana mtumishi, mpanda farasi, malkia na mfalme.

Kaa barazani na wanaocheza karata usikie wanavyozitaja: kopa, shupaza, uru, pau. Majina hayo tumeachiwa na Wareno, na kwao yalikuwa vikombe, panga, dhahabu na magongo. Kwa hiyo ukishika tano ya vikombe umeshika tano ya kopa. Kopa ni mambo ya moyo: mapenzi, huzuni, undugu. Shupaza ni upanga: fikra, maneno makali, ugomvi, uamuzi. Uru ni sarafu: fedha, kazi ya mikono, mwili, nyumba. Pau ni fimbo: ari, safari, jambo linaloanza. Aina nne ukizipata, umebeba zaidi ya nusu ya pakiti kichwani.

Kisha kila siku vuta karata moja, kijitabu kikiwa kimefungwa. Chukua hiyo hiyo tano ya vikombe. Mtu kajitanda joho jeusi, kainamisha kichwa. Mbele yake vikombe vitatu vimemwagika. Nyuma yake viwili vimesimama wima, wala mtu huyo havitazami. Mbele kuna mto, daraja, na ng'ambo ya pili jengo kama ngome. Eleza kwa sauti unachokiona, kana kwamba unamsimulia mtu kwenye simu. Ukisema "kapata hasara, ila si vyote vilivyopotea, na pa kuvukia papo", umeshasoma karata. Kijitabu kingekwambia "majuto" na kukunyima daraja.

Andika mistari miwili kwenye daftari, ndipo ufungue kijitabu ulinganishe. Mkitofautiana, usifute chako. Na mwanzoni usizidi karata tatu kwa mpigo. Ule mpangilio wa karata kumi uitwao Msalaba wa Kikelti unapendeza mezani, lakini anayeanza hujikuta na vipande kumi visivyoshikana, akaanza kuzungumza kama mganga wa redioni.

Ni kweli pakiti ya kwanza lazima upewe zawadi, ukijinunulia haifanyi kazi? Na huku kwetu hazipatikani. (Msomaji, Eldoret)

Si kweli. Nunua.

Kuhusu kutopatikana: picha za toleo la London la mwaka 1909, ndilo linalotumiwa na vitabu vingi vya wanaoanza, haki miliki yake imekwisha. Aliyezichora alifariki mwaka 1951, na hata Uingereza, ambako ulinzi hudumu miaka 70 baada ya kifo cha msanii, muda umepita. Epuka tu matoleo mapya yaliyopakwa rangi upya, hayo yanaweza kuwa na mwenyewe. Pakua picha, zipange 9 kwa kila karatasi ya A4, nenda duka la steshenari wakuchapie kwenye manila. Kurasa 9 zinamaliza pakiti nzima, na kila karata inakuwa na ukubwa wa karata za kawaida. Mkasi ni wako.

Nimesoma kwamba taroti ni kitabu cha siri cha makuhani wa Misri ya kale. Wengine wanasema ni ya Wagiriki, wengine ya Wayahudi. Tuwaamini nani? (Msomaji, Mombasa)

Usimwamini yeyote kati yao. Taroti ilizaliwa kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, Milano na Ferrara zikiwa miongoni mwa vituo vyake vya mwanzo, na ilikuwa mchezo. Matajiri waliongeza karata za picha juu ya zile za kawaida ili ziwe turufu, yaani karata inayokula nyingine. Mpaka leo Wafaransa wanaucheza mchezo huo wakinywa kahawa, bila kumtabiria mtu chochote.

Misri imetoka wapi, basi? Mwaka 1781 msomi wa Paris, Antoine Court de Gébelin, aliandika kwamba picha zile ni mabaki ya hekima ya Misri. Hakuna aliyeweza kumpinga kwa kumsomea maandishi ya Kimisri, kwa sababu msomi wa Kifaransa Champollion alikuja kuyafumbua mwaka 1822. Muda si mrefu baada ya de Gébelin, Mfaransa mwingine aliyejiita Etteilla, ambalo ni jina lake la ukoo Alliette limeandikwa kinyumenyume, akatoa pakiti yake kwa ajili ya kutabiri na kufundisha watu kwa malipo. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 300 ya mwanzo taroti kwa sehemu kubwa ilikuwa mchezo, na utabiri ukaja kuvishwa baadaye.

Lakini Misri ina haki yake, ila si hiyo. Karata za kuchezea ziliingia Ulaya katika karne ya 14 kutoka ulimwengu wa Kiislamu, na karata za Wamamluki, watawala wa Misri wa zama hizo, zina vikombe, sarafu, panga na fimbo za mchezo wa polo. Mzunguko wenyewe ndio huo: kutoka Waarabu hadi Wazungu, kisha Wareno wakaturudishia pwani kwa jina la kopa. Hadithi hii kwangu ni tamu kuliko ya makuhani.

Nani aliyezichora? Kila karata yangu ina kialama kidogo kilichosokotwa kwenye kona. (Msomaji, Bukavu)

Umeona vizuri. Ni saini ya Pamela Colman Smith. Alizaliwa London mwaka 1878, na sehemu ya utoto wake aliishi Jamaica. Arthur Edward Waite, mwandishi wa mambo ya fumbo, ndiye aliyempa maelekezo, kampuni ya William Rider ikachapisha, na kwa miaka mingi pakiti ikaitwa kwa majina ya wanaume hao wawili. Pamela alimwandikia mpiga picha Alfred Stieglitz wa New York kwamba amemaliza kazi kubwa kwa malipo kiduchu. Akafa maskini.

Namtaja kwa kirefu kwa sababu kama si yeye, wewe na yule wa Tanga msingekuwa na cha kusoma. Katika pakiti kongwe za Kifaransa za mtindo wa Marseille, tano ya vikombe ni vikombe vitano na maua, basi. Pamela alitia watu, mito na madaraja katika karata ndogo. Alikuwa na mfano wa kale: pakiti ya Kiitaliano iitwayo Sola Busca, ya mwisho wa karne ya 15, ambayo picha zake zilifika Makumbusho ya Uingereza mwaka 1907. Ule moyo uliochomwa kwa panga tatu ameutoa humo.

Nilijivutia karata tatu, ya katikati ikawa Kifo. Sijalala vizuri tangu hapo. Mama yangu ni mgonjwa. (Msomaji, Mwanza)

Pole sana kwa kuuguza. Tuanze na hesabu. Ukivuta karata tatu kati ya 78, uwezekano wa Kifo kuwemo ni 1 kati ya 26. Ukivuta kumi, ni karibu 1 kati ya 8. Kila jioni watu wengi duniani wanaitoa, na mama zao wanaamka salama.

Sasa itazame. Mifupa imevaa deraya nyeusi, iko juu ya farasi mweupe, imeshika bendera yenye waridi jeupe. Mfalme kaanguka, askofu kasimama mbele ya farasi, mtoto kapiga magoti. Nyuma kabisa, kati ya minara miwili, kuna jua. Wasomaji wengi huichukulia kama mwisho wa jambo fulani: kazi, uchumba, tabia. Mimi nakubaliana nao, lakini sitaki ubadilishe hofu moja kwa faraja ya kubuni. Karata haijui presha ya mama yako. Daktari anaijua, muulize yeye. Na mpaka mama apate nafuu, usivute karata kuhusu afya yake, ya mtu mwingine yeyote, wala yako.

Lakini mimi nilisomewa na kila kitu kilikuwa kweli! Unasemaje kwamba hazitabiri? (Msomaji, Dar es Salaam)

Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwagawia wanafunzi wake maelezo ya tabia, kila mmoja akiamini ni yake peke yake. Walipoulizwa yana ukweli kiasi gani, wastani ukapita 4 kati ya 5. Wote walikuwa na karatasi ileile, na maneno mengi Forer aliyatoa kwenye kitabu cha nyota cha kuuzwa vibandani. "Una uwezo ambao hujautumia." Nani atakataa?

Sisemi aliyekusomea ni tapeli. Huenda ni msikilizaji mzuri, na hiyo ni nusu ya kazi. Picha inakupa pa kushika, unasema jambo ulilokuwa unalizunguka. Thamani ya taroti naiona hapo, na sijaiona kwingine.

Dada mmoja mtandaoni amesema karata zinaonyesha nimefungwa nyota, nitume pesa anifungue. (Msomaji, Kisumu)

Usitume hata shilingi. Huo ni mchezo wa karata tatu wa stendi, umevaa kanga mpya. Dalili yake ni moja: tatizo hukulijua mpaka alipokwambia, na dawa anayo yeye tu. Mzuie namba, na kama ulishatuma, toa taarifa kwa kampuni ya simu na polisi mapema.

Je, ni dhambi? (Wengi)

Wengi wa masheikh na wachungaji watakujibu ndiyo kwa upande wa kutabiri, na hawasemi hewani: Waislamu hurejea sura ya Al-Maida aya ya 90 inayokataza mishale ya kupigia ramli, Wakristo Kumbukumbu la Torati 18:10. Mimi sitoi fatwa. Ila kama moyo wako unasita kila ukizishika, ziache, maana hutasoma chochote zaidi ya huo wasiwasi. Na ninyi mlioko Ghuba, jueni kwamba Saudi Arabia na Umoja wa Falme za Kiarabu zinaadhibu mambo ya uchawi kisheria. Afisa wa forodha hatakusikiliza ukimweleza habari za Wafaransa na kahawa yao.

Karata ikitoka juu chini, nisomeje? (Msomaji, Morogoro)

Igeuze, isome kama kawaida. Maana za kinyume zina watu wake, lakini zinageuza masomo 78 kuwa 156. Ngoja mpaka hizo 78 ziwe zimekaa.

Lazima nizifunge kwa hariri, nizilaze chini ya mto, nizianike kwenye mbalamwezi? (Msomaji, Lamu)

Hariri si lazima. Chini ya mto zitajikunja. Mbalamwezi haina neno, ila usizisahau nje, maana unyevu wa huko kwenu unavimbisha manila kwa usiku mmoja. Kopo la biskuti lenye mfuniko unaobana linatosha.