"Utapeli" na "chuki" katika karatasi za ufilisi

SWALI: Natafsiri nyaraka za mahakama kwa Waswahili wanaoishi Marekani. Majuzi nimeletewa karatasi inayotaja madeni ambayo mfilisi hasamehewi. Nimeandika "madeni ya utapeli" na "madeni ya madhara yaliyofanywa kwa chuki". Mwenzangu anasema yote mawili nimekosea. Je, ni kweli?

JIBU: Ni kweli, ila la pili ndilo baya zaidi.

Utapeli ni neno la mtaani, na huko linakaa vizuri: tapeli anakuuzia kiwanja cha mtu mwingine, au anakutumia ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Asipokuongopea, hajakutapeli. Sheria ya ufilisi ya Marekani, inaposema "fraud", inakwenda mbali kuliko hapo. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mdaiwa anayehamisha mali ili wanaomdai wasiipate anaweza kuingia katika "fraud" hiyo hata kama hakuwaambia neno la uongo. Wazo lenyewe ni la kale. Katika kesi ya Twyne, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1601, mtu aliyeelemewa na madeni alimwandikia mdai wake mmoja mali yake yote kwa siri, kisha akaendelea kukaa nayo, kondoo akiwakata manyoya na kuwatia alama yake mwenyewe. Hapo Kiswahili kina neno tamu: hila. Magazeti ya Kenya huandika "ulaghai", nami sina ugomvi nalo, lakini ningeandika "ulaghai au hila dhidi ya wadai" ili mali iliyofichwa isisahaulike.

Sasa chuki, uliyoiweka mahali pa "malicious". Chuki iko moyoni, na mahakama ya Marekani haiulizi kama ulimchukia mtu. Inauliza mawili: je, ulikusudia madhara? Na je, ulikuwa na udhuru wa haki? Mwaka 1998 Mahakama ya Juu hiyohiyo ilisikiliza habari za daktari aliyempa mgonjwa matibabu hafifu, vidonge badala ya dawa ya mshipani, na mgonjwa akakatwa mguu. Daktari, ambaye hakuwa na bima, alidaiwa dola 355,000 hivi, akaomba ufilisi. Deni likafutika, kwa kuwa alikusudia tiba, hakukusudia mguu ukatwe.

Angalia Kiswahili kinavyoweza kuliharibu hili kwa kuhamisha maneno mawili tu. "Alifanya kwa kusudi jambo lililomdhuru" ni sentensi inayomhusu daktari yule. "Alimdhuru kwa kusudi" haimhusu. Ukiziandika kana kwamba ni kitu kimoja, msomaji wako atadhani deni lake halifutiki, na huenda asiende mahakamani kabisa.

"Inda" nayo naipenda, ila inabeba kisirani cha mtu na mtu, kwa hiyo inaanguka shimo lilelile la chuki. "Nia mbaya" imechoka. Tunaibebesha kila kitu, hata kukosa uaminifu tu. Mimi ningeandika: "madhara yaliyokusudiwa, yasiyo na udhuru wa haki". Ni refu, lakini halimpotezi mtu.

Na kabla sijasahau: anayeomba kufutiwa madeni ni muflisi. Mfilisi ni yule anayekusanya mali ya muflisi na kuwagawia wadai. Kwa ulivyoandika, aliyenyimwa msamaha ni mwenye kazi ya kuuza makochi ya watu.