Tiba ya sumaku kichwani kwa mgonjwa wa sonona: jibu refu kwa anayemuuguza dada yake

Mleta mada, pole sana kwa kuuguza. Umeeleza kuwa dada yako ana sonona ya muda mrefu, ametumia dawa mbili tofauti bila nafuu ya maana, sasa daktari amependekeza tiba ya sumaku kichwani, na mama amekataa katakata akiamini ni ile shoti ya umeme inayofuta kumbukumbu. Unauliza kama ni kitu kilekile, ina madhara gani, na kama inasaidia kweli.

Mimi ni muuguzi wa magonjwa ya akili, na kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kuendesha mashine hiyo, nikikaa pembeni ya mgonjwa kuanzia pigo la kwanza hadi la mwisho. Naandika kirefu kwa sababu waliotangulia kukujibu wamegawanyika: wengine wanasema ni muujiza, wengine utapeli. Pande zote mbili zinamdhulumu dada yako.

Nianze na hofu ya mama. Kwenye tiba ya mshtuko wa umeme mgonjwa hupewa nusukaputi, kisha umeme hupitishwa kichwani kwa makusudi ili kuleta degedege fupi inayosimamiwa na madaktari. Hapo kumbukumbu inaweza kuyumba kwa muda, na mama hajakosea kuliogopa hilo. (Hata hivyo tiba hiyo nayo isitukanwe. Kwa sonona kali sana, yenye maono ya uongo au mgonjwa aliyegoma kula na kunywa, mpaka leo ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na sumaku haifui dafu mbele yake.) Kwenye tiba ya sumaku mgonjwa anakaa kitini macho wazi, anajua anaitwa nani na yuko wapi, hachomwi sindano ya usingizi, na akimaliza anaondoka kwa miguu yake. Degedege ni jambo tunalolikwepa kwa kila njia. Na kumbukumbu haifutiki.

Kinachofanyika ni hiki. Koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, kwa kawaida yenye umbo la namba 8, huwekwa juu ya ngozi ya kichwa. Mkondo mkubwa wa umeme hupita ndani ya koili kwa muda mfupi mno, chini ya elfu moja ya sekunde, na kuzaa uga wa sumaku wa kama tesla 1.5 hadi 2 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Uga huo hupita kwenye fuvu bila kizuizi, na kwa kuwa unabadilika ghafla, unaamsha mkondo mdogo wa umeme ndani ya ubongo wenyewe. Kanuni hiyo aliionyesha Michael Faraday mwaka 1831. Waliofanikiwa kuitumia kuamsha ubongo wa binadamu bila maumivu makubwa ni Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1985: waliweka koili juu ya kichwa, na mkono wa mtu ukaruka. Pigo halifiki mbali, kwa koili ya kawaida ni sentimita 2 hadi 3 tu, kwa hiyo tunachogusa moja kwa moja ni gamba la juu la ubongo.

Sasa utauliza, kama halifiki ndani, sonona inaguswaje? Sehemu inayolengwa zaidi iko mbele upande wa kushoto, juu kidogo ya paji la uso. Kwa watu wengi wenye sonona sehemu hiyo imezorota, nayo imeunganishwa kwa njia za neva na maeneo ya ndani yanayohusika na huzuni. Ukiigonga hii ya juu kwa mpangilio maalumu, siku baada ya siku, mawasiliano kati yake na yale ya ndani huanza kubadilika. Mapigo ya haraka, kama 10 kwa sekunde, kwa kawaida huchangamsha eneo. Mapigo ya polepole, 1 kwa sekunde, kwa kawaida hulituliza. Nasema kwa kawaida kwa sababu bongo hazifanani, na nimewaona wagonjwa ambao mwitikio wao ulitushangaza sote.

Siku ya kwanza ndiyo ninayotaka muitazame kwa makini, maana hapo ndipo kliniki makini inajipambanua. Kabla ya tiba yoyote tunatafuta kizingiti cha mgonjwa. Tunaweka koili juu ya eneo linaloongoza mkono, tunapiga pigo mojamoja, tunatazama kidole gumba. Lengo ni kupata kiwango cha chini cha nguvu kinachofanya kidole kicheze takribani mara 5 kwa kila mapigo 10. Kila mtu ana kiwango chake, na kinaweza kubadilika akikosa usingizi au dawa zake zikibadilishwa. Mpango unaotumika sana kwa sonona hutumia asilimia 120 ya kizingiti hicho. Baadaye tunapima kichwa kutafuta mahali pa kutibu. Wapo wanaohesabu sentimita kutoka eneo la mkono, wapo wanaopima kichwa chote kwa utepe, na wapo wenye picha ya ubongo na kamera inayoelekeza koili. Kupotea kwa sentimita moja au mbili kunaweza kukufanya utibu sehemu isiyohusika. Kwa hiyo ukifika mahali wakamkalisha dada na kuwasha mashine bila kupima kidole wala kichwa, mchukue muondoke.

Kila pigo linatoa mlio mkali, na ngozi ya kichwa inahisi kugongwa mithili ya mti unaodonolewa na kigong'ota. Vizibo vya masikio ni lazima kwa mgonjwa, na sisi tunaomhudumia huvaa pia. Mara nyingi nyusi au taya hutikisika. Siku za mwanzo wengi huumwa kichwa au hulalamika kuwa pale panapogongwa panauma, kisha wengi wao huzoea ndani ya wiki ya kwanza au ya pili. Mimi huanza na nguvu ndogo na kupanda taratibu, na humwambia kila mgonjwa kuwa kuniambia "inauma" si kudeka. Kuisogeza koili kidogo tu, au kubadili pembe yake, huweza kuondoa nusu ya maumivu. Mgonjwa anayenyamaza na kuvumilia ndiye huyo siku ya nne haonekani tena.

Hatari kubwa ni degedege. Inatokea kwa nadra, chini ya mgonjwa 1 kati ya 1,000, na huisha yenyewe, lakini ipo na msikubali kuambiwa haipo. Inaongezeka kwa mwenye historia ya kifafa, aliyeumia ubongo, asiyelala, aliyeacha pombe ghafla, au anayetumia dawa fulani. Ndiyo maana tunauliza maswali yaleyale kila siku, hata mgonjwa akachoka nayo: umelala? umekunywa? kuna dawa mpya? Kuna na katazo lisilo na mjadala: mtu mwenye chuma kinachovutwa na sumaku ndani ya kichwa, klipu kwenye mshipa wa ubongo, au kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, hakai kwenye kiti hicho. Mwenye betri ya moyo aseme mapema. Na kama dada amewahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, kutolala huku akijisikia ana nguvu za ajabu, daktari lazima alijue hilo, kwa sababu tiba ya sonona ya aina yoyote inaweza kumsukuma upande huo.

Je, inasaidia? Marekani ilitoa kibali cha kwanza kwa sonona mwaka 2008, kwa watu wazima ambao dawa ilishindwa kuwasaidia. Utafiti ninaopenda kuwaeleza ndugu wa wagonjwa ni wa Kanada uliochapishwa mwaka 2018, wenye wagonjwa 414 ambao dawa hazikuwasaidia. Ulilinganisha mpango wa zamani wa dakika 37 na nusu na mpango mpya wa dakika 3 tu, ambao mapigo huja kwa vifurushi vya haraka. Matokeo yalikaribiana: karibu nusu ya wagonjwa dalili zao zilipungua kwa nusu au zaidi, na kati ya robo na theluthi sonona iliondoka kabisa au karibu kabisa. Kwa hiyo dada akitibiwa kwa dakika 3 msidhani ameibiwa. Kwa watu ambao dawa ziliwakwamia, hayo ni matokeo makubwa. Lakini pia ina maana nusu ya wanaokaa kwenye kiti hawafiki kwenye nafuu hiyo, na nyumbani mjiandae kwa yote mawili.

Dozi kamili ni siku 5 kwa wiki, kwa wiki 4 hadi 6. Wengi hawaoni kitu wiki ya kwanza, na wapo wasioona kitu hata ya tatu. Nilichokiona mara nyingi ni kwamba mgonjwa mwenyewe ndiye wa mwisho kugundua. Anasema "niko vilevile", wakati mumewe anasema jana amejibu simu ya dada yake, juzi ameoga bila kusukumwa. Usingizi na hamu ya kula hutangulia, furaha huja nyuma. Ndiyo maana nawaomba ndugu waandike daftari dogo la mambo hayo ya kila siku. Mtu mwenye sonona hujisomea vibaya, na akiachiwa aamue peke yake katikati ya wiki ya tatu ataacha. Siku hizi kuna pia mpango wa siku 5 tu, mara 10 kwa siku, uliobuniwa Chuo Kikuu cha Stanford na kupata kibali Marekani mwaka 2022. Matokeo yake ya mwanzo ni mazuri sana, ila utafiti uliolinganisha na matibabu bandia (ya kuigiza, bila mapigo ya kweli) ulikuwa na watu wachache, na ni kliniki chache zenye mashine na picha za kuufanya inavyotakiwa.

Nafuu ikija, haina hati ya umilele. Wapo wanaokaa mwaka na zaidi, wapo wanaorudi baada ya miezi michache. Aliyeitikia mara ya kwanza ana nafasi nzuri ya kuitikia akirudia. Muulizeni daktari mapema: baada ya dozi kuna mpango gani?

Mchangiaji mmoja ameuliza kuhusu magonjwa mengine. Kwa mawazo yanayojirudia na kumlazimisha mtu kunawa au kuhakiki bila kikomo, kibali cha Marekani kilitoka 2018 kwa koili maalumu inayofika ndani zaidi, na kabla ya kila kipindi mgonjwa huchokozwa kidogo na kile anachokiogopa ili mtandao wa ubongo unaohusika uwe kazini. Kipandauso chenye dalili za awali za macho kina kifaa chake cha kushika mkononi tangu 2013. Maumivu ya neva yana ushahidi mzuri. Kwenye kiharusi niwe mkweli: mapigo ya polepole kwenye upande wa ubongo usioumia yamesaidia mikono katika tafiti kadhaa, lakini jaribio moja kubwa la Marekani lililochapishwa 2018 halikuona tofauti na matibabu bandia, kwani makundi yote mawili yalipata nafuu kutokana na mazoezi. Anayekuahidi kutibu kiharusi, usonji na kusahau kwa uzee kwa mashine moja na mpango mmoja anauza jina tu. Na bangili za sumaku, kofia za sumaku na godoro za sumaku hazihusiani kabisa na haya: sumaku iliyotulia haiamshi umeme wowote kwenye ubongo.

Kwa mama, ningeshauri aende naye siku ya kupima kidole. Aombe, kama hana betri ya moyo wala chuma mwilini, apigwe pigo moja kwenye mkono wake mwenyewe. Mara nyingi wazazi waliokuja wakilia nimewaona wakitulia hapo kuliko baada ya maelezo yangu yote.

Dawa anazotumia sasa asiziache kwa sababu tu ameanza sumaku, wala zisibadilishwe bila anayeendesha mashine kuambiwa. Na ukisikia anazungumzia kufa, kuaga, au kugawa vitu vyake, usisubiri nafasi ya kliniki wala wiki ya tatu. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na asibaki peke yake njiani wala nyumbani. Habari za mashine mtazizungumza akiwa salama.